Mchumaji wa karafuu asiyeitika mpaka mti ugongwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shamba la Mzee Bakar Nyange limejaa watu na hakuna hata mmoja anayeonekana.

Umande bado unadondoka. Juu, ndani ya majani ya mikarafuu, mtu anakohoa. Mwingine anacheka peke yake, au pengine anacheka na mwenzake wa mti wa tatu. Mmoja anauliza kama chai imeshachemka, na jibu linatokea upande ambao mgeni hakuutarajia. Ukisimama chini utazungusha shingo mpaka ikuume, na bado hutajua nani kasema nini.

Talib Mjaka anapanda. Miguu mitupu, kikapu mgongoni, upembo wa kuvutia matawi umening'inia begani. Anashika tawi, analijaribu kwa uzito wa mkono, analiacha, anashika jingine. Mkarafuu ni mti mwepesi wa kuvunjika na hautoi taarifa.

"Talib!" sauti inaita.

Haitiki.

"Talib!"

Anachuma kishada, anakitia kikapuni. Usoni hana dalili yoyote kuwa amesikia kitu.

Kisha, chini, fimbo inagonga shina la mti. Ko, ko, ko. Mkono wa Talib unasimama palepale.

"Naam," anaitika, kwa upole kabisa, kama mtu aliyeitwa sasa hivi kwa mara ya kwanza.

Alikuwa anaambiwa chai tayari. Kutoka aliposimama mwandishi, aliyegonga haonekani vizuri. Inaonekana fimbo, na mkono ulioishika.

Kutoitika kwake si kiburi, na masikio yake hayana ubovu wowote. Talib ana umri wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Kengeja, kusini mwa Pemba, na amekuwa akipanda mikarafuu ya watu tangu alipokuwa na miaka kumi na sita. Kwa siku njema huchuma pishi nane. Wenzake wa rika lake hufika kumi na mbili, hata kumi na tano, lakini wao hawadungwi kila mwezi sindano inayowatetemesha vidole. Sindano hiyo ndiyo inayomwezesha kupanda na ndiyo inayompunguzia kasi, naye ameyakubali yote mawili.

Ugonjwa wake unaitwa skizofrenia. Wengi hapa hawalijui jina hilo. Wanayo majina mengine, mengi tu, na karibu yote yanaanzia kwenye majini.

"Nilizisikia zote mbili," anasema akiwa bado juu, akiuelezea ule mwito wa chai. "Ya kwanza ilikuwa ya ntu. Ya pili sijui, pengine nayo ya ntu. Basi nangoja nti uniambie."

Mtu akitaka kuelewa jinsi ugonjwa wa Talib ulivyojificha, sharti aelewe kwanza namna watu wanavyoitana mashambani.

Mtoto wa Pemba hufundishwa mapema kuwa asiitike anapoitwa mara ya kwanza na mtu asiyemwona. Mara ya pili pia, akiweza, avumilie. Wazee walisema kuna vitu vichakani vinavyojua majina ya watu, na vyenyewe haviiti mara tatu. Mgeni akishuka bandari ya Mkoani na boti ya Unguja, hata salamu hajamaliza, keshauliza habari za uchawi. Wapemba wamechoka na swali hilo, na wana haki ya kuchoka. Lakini muulize mchumaji yeyote kama anaitika mwito wa kwanza. Atacheka, atasema hayo ni mambo ya zamani, kisha jina lake litaitwa kutoka mti wa pili naye atanyamaza mpaka liitwe tena.

Ipo pia kanuni ya pili, ambayo hakuna aliyewahi kuitia maanani kwa sababu inaonekana ni adabu ya kawaida tu. Jina lisilo lako huliitikii. Aliyeitwa ndiye mwenye mwito.

Kanuni hizo mbili zilimpoteza Talib, na baadaye zikampoteza mtu mwingine.

Miaka kumi na tatu iliyopita karafuu zilizaa kupita kiasi. Wachumaji thelathini walipiga dago, yaani kambi ya msimu, hapa hapa kwa Mzee Bakar. Mwanzoni mwa msimu huo Talib alisikia akiitwa kutoka mti wa magharibi. Sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu anayemjua. Akangoja kama alivyofundishwa. Ikaita tena, na tena. Ya tatu akaitika.

Haikumwuliza kitu. Siku iliyofuata ilikuja na mwenzake, na kuanzia hapo hazikusema naye sana. Zilisemezana zenyewe, habari zake.

"Anapanda."

"Katuona?"

"Hajatuona. Anashika tawi la kushoto."

"Ataliacha."

Na kweli alikuwa akiliacha, anasimulia Talib, kabla hajajua kama alitaka kuliacha mwenyewe au aliliacha kwa kuwa imesemwa. Alianza kuwajibu, akiwasihi wanyamaze. Wachumaji waliokuwa mashariki yake walidhani anazungumza na wa magharibi. Wa magharibi walidhani anazungumza na wa mashariki. Ikawa hivyo msimu mzima, karibu miezi mitatu, mtu anaumwa mbele ya watu thelathini na hakuna aliyejua.

"Mimi nilimwona kachangamka," anasema Mzee Bakar, mwenye shamba, huku akijikuna kidevu kwa haya. "Nikasema kijana huyu mwaka huno yu na raha."

Chini ya miti hakuwa na raha hata kidogo. Aliacha kula sinia moja na wenzake kwa kuwa aliamini ndio wanaomsema juu. Aliacha kuoga. Alipowaza jambo, lolote, sauti zililitangaza kabla hajalimaliza, akawa na hakika kuwa mawazo yake yanasikika shamba zima, kwa hiyo akajaribu kutowaza kitu. Msimu huohuo mama yake alifariki. Talib alisimama makaburini uso mkavu, asilie, asiseme, na watu wakarudi wakisema ana moyo wa jiwe. Mkewe alivumilia mwezi mmoja zaidi, kisha akamchukua mtoto wao wa kike akarudi kwa wazee wake Makangale.

Karafuu zikaisha. Dago likavunjwa, majamvi yakakunjwa, watu wakaenda zao.

Siku tisa baadaye Talib hakuonekana nyumbani. Dada yake, Mwanapili, ambaye amemzidi miaka sita na ndiye aliyebaki kuwa mama yake, alimtafuta siku mbili. Ya pili, mchana kweupe, akaingia shambani.

Anasema hajawahi kuona pahala pamenyamaza vile. Shamba alilolizoea kwa makelele lilikuwa halina hata ndege. Akatembea katikati ya mikarafuu iliyokwisha kuchumwa, akamsikia kabla hajamwona.

"Naam," Talib alikuwa akisema, juu sana. Kimya. "Nipo." Kimya tena. "Siteremki."

Mwanapili anachambua karafuu huku akisimulia, punje zikienda upande huu na makonyo, vile vijiti vyake, upande ule, bila kutazama mikono.

"Alikuwa akisema, akinyamaza, akisema, akinyamaza, kiasi cha ntu kujibiwa," anasema. "Nami nikajikuta nimegeuza uso kule kwengine, natega sikio, nipate kusikia anajibiwa nini. Hilo ndilo lililonitisha, bwana. Si yeye. Mimi."

Alimwita. Hakumwitika. Sauti zilikuwa zimeshamwambia kuwa aliye chini si dada yake, ni kitu kilichochukua sauti ya dada yake, na kwamba akiteremka tu amekwisha. Mwanapili aliita tangu adhuhuri hadi karibu na alasiri. Aliita kwa mapenzi, akaita kwa vitisho, akaita kwa jina la mama yao. Mwishowe, kwa hasira na uchovu, akaokota kigogo akalipiga shina la mti kwa nguvu zake zote.

Talib akatazama chini.

"Wao hawakuwahi kuutikisa nti," anaeleza leo. "Walisema kila kitu, walijua kila kitu, lakini hata jani halikucheza. Nilipohisi unyayo wangu unatetema, nikasema huyu wa chini ana mkono."

Aliteremka. Ilimchukua nusu saa, na dada yake akawa anagonga muda wote ule.

Hawakwenda hospitali moja kwa moja, na Mwanapili halifichi hilo. Kwanza ilikuwa kisomo, kisha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani ya kauri zikaoshwa akanywa, kisha mafusho, kwa miezi saba na waganga watatu. Talib hana kinyongo nao. Anasema walimwombea dua, na dua haijawahi kumdhuru mtu. Tatizo ni kwamba sauti zilikuwa zikikaa pembeni zikiwacheka waganga, naye alikuwa akiona aibu kwa niaba yao.

Katika mwezi wa nane wa kuhangaika, jirani mmoja aliwaelekeza kliniki ya afya ya akili Chake Chake, ambako aliwahi kumpeleka mtoto wake. Muuguzi aliyewapokea, Ruweida Abrahman, ndiye anayemdunga Talib sindano mpaka hii leo.

Ruweida ni mwanamke wa maneno machache na subira nyingi. Anasema ugonjwa huu mara nyingi huanza ujanani, baina ya miaka ya mwisho ya utoto na thelathini hivi, na huingia polepole. Mgonjwa husikia sauti zisizokuwapo, nyingi zikisimulia anachofanya au zikibishana juu yake. Huamini mambo ambayo huwezi kumwondolea kwa hoja. Wengine maneno yao hukatikakatika, ukashindwa kufuata. Anaonya pia dhidi ya wanaodhani mgonjwa ana nafsi mbili, au kwamba lazima atakuwa mkali. Wengi, anasema, ni waoga kuliko sisi, na ndio wanaopigwa.

Lakini linalomuuma zaidi muuguzi huyo ni lile ambalo watu hawalioni kuwa ni ugonjwa.

"Sauti watu wanaziogopa, basi wanamleta mgonjwa," anasema. "Ila akikaa kimya, haogi, hacheki, halii kwenye msiba, wanasema mvivu, wanasema hana moyo. Ule uso mkavu nao ni maradhi. Talib alimlilia mama yake. Machozi ndiyo hayakupata njia."

Baada ya miezi mitano ya dawa, sauti zilipungua. Hazikuondoka. Talib anasema zimehama miti, ziko mbali sasa, upande wa bondeni, na siku nyingine hazisemi kabisa. Msimu uliofuata alirudi kupanda, na Mwanapili akazunguka dago zima akiwaeleza watu sharti moja. Mtu akimtaka Talib, agonge mti. Sauti tupu haitoshi.

Sharti hilo lilimweka mzima miaka kumi.

Siku ya pili ya mazungumzo haya, wakati wa chai na muhogo wa kuchemsha, Talib anamwuliza mwandishi ameandika nini. Ni swali la haki. Mwandishi anafungua daftari na kumsomea mistari ya mwanzo: Talib Mjaka anapanda. Anashika tawi, analijaribu, analiacha, anashika jingine.

Talib anaacha kutafuna.

"Soma tena," anasema.

Anasomewa tena. Mwanapili, aliyekuwa akichambua kwenye jamvi, mikono yake imesimama.

"Maneno yao hayo," Talib anasema taratibu. "Hivyo hivyo. Hata huko kuliacha tawi."

Ni Talib mwenyewe anayeokoa hali. Anamtazama mgeni wake kutoka kichwani mpaka chini, anatabasamu kidogo, tabasamu la upande mmoja ambalo dawa imemwachia.

"Wewe lakini naiona miguu yako," anasema. "Ina matope. Wao hawana miguu. Endelea kuandika."

Mwandishi aliendelea, ingawa tangu hapo kila sentensi ilimtazama vibaya.

Sasa ni kuhusu aliyeishika fimbo.

Jina lake ni Zubeir Othman, ana miaka arubaini na mbili, na mwaka juzi alikuwa mchumaji hodari kuliko wote hapa. Anatembea kwa kuchechemea, mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko wa kushoto. Kazi yake msimu huu ni kuzunguka chini ya miti na fimbo, na mti anaokaa nao zaidi ni wa Talib.

Msimu wa mwaka juzi, saa tatu asubuhi, tawi lilimkatikia. Alianguka kutoka urefu wa nyumba ya ghorofa, akavunjika nyonga na mbavu mbili. Alilala chali chini ya mti wake, hawezi kugeuka, hawezi kuinua mkono. Mdomo tu ndio uliokuwa ukifanya kazi. Aliyekuwa karibu naye ni Talib, mti wa pili, na kila majani yalipofunguka kwa upepo, Zubeir aliuona unyayo wake.

"Talib!" aliita.

Alihesabu kila alipoita, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya. Aliita mara kumi na moja. Shina halikugongwa hata mara moja, na Talib aliendelea kuchuma.

"Nilizisikia zote," Talib anasema. Hapa hatazami mtu. "Ya nne ilikuwa inalia. Nikasema hawa leo wamekuja na mbinu mpya. Ya kumi na moja ilipokwisha pakawa kimya, na mimi nikajisifu. Nilifurahi, wallahi. Nilisema leo nimewashinda."

Zubeir aliokotwa baada ya nusu saa na mwanamke aliyekuwa akienda kuchota maji. Alikaa hospitali wiki tisa.

Lawama zote zilikwenda kwa Talib. Walisema alisikia akafanya makusudi. Walisema ndiyo hatari ya kumchanganya mwendawazimu na wenye akili timamu. Mzee Bakar, ambaye si mtu mbaya, alimteremsha mitini akamweka jamvini kuchambua karafuu na makonyo, na kipato chake kikashuka hadi robo ya kile cha zamani. Alikaa huko misimu miwili. Ruweida anasema ndicho kipindi alichomhofia zaidi, kwa sababu Talib aliacha tena kusema, na mara mbili alimkuta ameketi nje ya kliniki asiingie, akisubiri mlango ugongwe kutoka ndani.

Zubeir aliporudi naye hakuweza kupanda, akapangiwa jamvi lilelile. Wanaume wawili, ncha mbili za jamvi moja, msimu mzima hawakusemeshana.

Aliyeuvunja ukimya ni Zubeir, na hakuanza na Talib. Jioni moja, dago lilipokuwa limekusanyika kula, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama kuna mtu mwingine aliyemsikia siku ile.

Hakujibiwa. Akauliza tena. Mtu mmoja akasema alisikia. Wa pili akasema yeye pia. Kumbe walisikia karibu wote, mashariki na magharibi. Walisikia jina likiitwa mara mbili, mara tatu, mara kumi.

"Nikawauliza, mbona hamkuja," anasimulia Zubeir. "Wakaniambia, halikuwa jina letu. Uliita Talib. Tulingoja Talib aitike."

Zubeir anachora mchangani kwa ncha ya fimbo.

"Sasa nimkasirikie nani? Talib alikuwa na ugonjwa. Hawa walikuwa na nini?"

Usiku ule alikwenda upande wa pili wa jamvi akakaa karibu na Talib, na Talib akalia. Alilia kwa machozi, mbele za watu, kwa mara ya kwanza tangu mama yake azikwe. Mwanapili alikimbilia nyuma ya banda ili naye apate kulia vizuri.

Wazo la kamba ni la Talib. Anasema alilipata jamvini, ambako mtu ana muda mwingi wa kufikiri. Aliyeanguka hawezi kugonga shina, lakini mkono uliolala chini huweza kuvuta kitu kilicho karibu yake. Mwanapili na wenzake wa Kengeja walichimbua makumbi ya nazi waliyokuwa wameyafukia kwenye tope la pwani, wakayatwanga, wakasokota kamba nne nyembamba. Ncha za juu zimefungwa kwenye tawi analokalia Talib. Za chini zinakwenda mpaka mashinani mwa miti minne inayomzunguka na kulala chini.

Kuna aliyeuliza kwa nini wasitumie simu, kila mtu anayo. Zubeir alimjibu kuwa simu nayo ni sauti tu.

Mzee Bakar alitoa siku tatu. Talib apande, Zubeir akae chini na fimbo. Siku ya tatu kamba ijaribiwe, Talib asiambiwe saa wala mti. Akikosa kuitika, anarudi jamvini na hatapanda tena shamba hili, na mwenye shamba akikataa hapa, hakuna mwingine Pemba atakayemchukua.

Talib aliyakubali masharti. Asubuhi ya siku ya tatu, kabla hajapanda, alimvuta mwandishi kando na kumwambia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa dada yake wala kwa Ruweida. Siku mbaya zikija, alisema, majimoto, wale chungu wakali wa mitini, humuuma mikononi. Akitazama hakuna majimoto. Anayahisi yakitembea, lakini ngozi ni tupu.

"Sasa kamba nayo ikinidanganya?" aliuliza.

Mwandishi alimshauri amweleze muuguzi wake, naye akaahidi kumweleza Jumatatu. Akapanda.

Saa nne na dakika ishirini hakuna upepo. Mwandishi amesimama chini ya mti wa Talib, ameambiwa asiseme neno. Kutoka hapo inaonekana kamba moja ikipita juu kuelekea kaskazini, na unyayo mmoja wa Talib. Zubeir ameshalala chini ya mti wa pili, palepale alipoanguka, chali, mikono ubavuni. Hakuna aliyemwambia alale hivyo.

"Talib!"

Majani hayachezi. Shamba zima, lililokuwa na makelele sasa hivi, limenyamaza. Wachumaji wote wanajua kuwa kamba inajaribiwa.

"Talib!"

Mzee Bakar alikuwa amesema miito miwili inatosha. Zubeir anaendelea. Wa tatu, wa nne. Wa tano sauti yake inapasuka kidogo na hakuna anayeweza kusema kama ni mchezo. Mwanapili kule jamvini ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Wa nane. Wa tisa. Unyayo wa Talib umekaza vidole juu ya tawi mpaka umekuwa mweupe.

Baada ya mwito wa kumi na moja pakawa kimya kirefu.

Kisha kamba ikatikisika. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Juu hakujibiwa.

"Mwandishi," Talib anasema hatimaye. Sauti yake ni ndogo. "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Imetikisika kweli?"

"Imetikisika. Mara tatu."

"Basi hiyo iandike," anasema, kisha anapaza sauti. "Naam, Zubeir. Naam, ndugu yangu, nakuja."

Anateremka haraka kuliko dawa inavyomruhusu, kikapu kimeachwa juu. Amefika nusu ya mti wakati sauti nyingine inapotoka katika majani ya upande wa mashariki, ya mtu asiyeonekana na ambaye jina lake halikuitwa.

"Naam, Zubeir."

Na nyingine magharibi. Na nyingine, mbali, upande wa bondeni. Naam. Naam. Nakuja.

Talib amekwama kwenye shina, amelikumbatia kwa mikono yote miwili, macho yamefumbwa.

"Na hao?" anauliza. "Na hao umewasikia?"

Mwandishi anamwambia amewasikia wote. Majani yanacheza kila upande, miguu inashuka mitini, mmoja baada ya mwingine. Talib anafumbua macho, anaitazama miguu hiyo, na anaendelea kuteremka.